Kiingereza unakijua, sawa, ila mkataba umeusoma?

Karibu kila mtu anayenitafuta kuniuliza kuhusu kazi ya kufundisha Kiingereza nje anaanza na sentensi ileile, "mi Kiingereza changu kiko poa, naweza kupata?" na siku hizi namjibu kwa swali, jina lililoko kwenye digrii yako ndo hilohilo lililoko kwenye pasipoti? Hapo mtu anakaa kimya, anadhani namkwepa. Simkwepi bana. Namuuliza kitu ambacho afisa wa uhamiaji atamuuliza kabla hajamsikia akitamka hata "good morning".

Maana kazi hii miezi yake ya mwanzo siyo ya ualimu, ni ya makaratasi, na karatasi haijali unaongea vizuri kiasi gani. Pasipoti yangu ina majina matatu yote yameandikwa kwa kirefu, cheti cha chuo kina mawili na herufi moja katikati yenye nukta, na kwa mtu aliyekaa dirishani nchi ya mbali asiyenijua hao ni watu wawili. Kwaiyo kikatakiwa kiapo cha wakili kwamba mimi ni mimi, alafu kiapo chenyewe nacho kigongwe mihuri ileile inayogongwa kwenye digrii, na kila muhuri una ofisi yake na foleni yake na siku yake ambayo mwenye kusaini hayupo.

Hiyo mihuri ndo inawachanganya wengi. Kuna mkataba wa kimataifa wa Hague wa mwaka 1961, nchi zilizomo ndani yake zinakubaliana kutambua cheti kimoja tu kinachoitwa apostili, unabandikiwa kwenye hati yako umemaliza. Kama nchi yako haimo, au unakokwenda haimo, unarudi kwenye njia ndefu, wizara ya mambo ya nje ithibitishe sahihi, alafu ubalozi wa unakokwenda uthibitishe kwamba wizara imethibitisha. China kwa mfano ilikuwa ya njia ndefu miaka yote mpaka tarehe 7 Novemba 2023 ndo apostili ikaanza kutumika kule, kwaiyo mtu aliyekwenda kabla ya hapo akikupa maelekezo yake kwa nia njema kabisa anaweza kukuzungusha bure. Uliza ubalozi, usimuulize binamu.

Na mpangilio nao una akili yake. Digrii haiozi, unaweza kuithibitisha mapema ukaiweka, lakini cheti cha polisi cha kwamba huna makosa ya jinai kina umri, nchi nyingi zinataka kiwe cha karibuni, mara nyingi ndani ya miezi 6, sasa ukikimbilia kukichukua kwanza kwa sababu ndo rahisi, mwajiri akichelewa kidogo kinaisha nguvu mkononi mwako unaanza upya. Mi nilikiacha cha mwisho kabisa na bado kilikuwa kimebakiza wiki chache.

Kuhusu cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, nitasema kwa kifupi maana watu wanapenda kubishana hapa. Sehemu nyingi zinataka cheti cha masaa 120, na mtandaoni viko vya kila bei, vingine unabonyeza majibu mpaka mwisho unaprinti. Kitakupitisha dirishani, sawa. Ila kama una uwezo tafuta kozi yenye kufundisha watu wa kweli huku mtu amekaa nyuma anakuandika, kama CELTA ya Cambridge, ile ina masaa 6 ya kusimama mbele ya wanafunzi halisi na mkufunzi anakuangalia. Masaa 6 ni machache, lakini ni tofauti kabisa na sifuri.

Alafu inakuja ile habari ya mzawa wa lugha. Utaikuta kwenye matangazo, "native speakers only", na ukiichunguza unakuta kinachoangaliwa ni kijitabu chenye nembo ya taifa kuliko mdomo wako. Korea Kusini iko wazi, viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza kwa kawaida wanaitoa kwa pasipoti za nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mtu anaweza kuwa ameota kwa Kiingereza tangu chekechea na pasipoti yake ikamtoa nje. Kwangu ni bora hivo kuliko nchi ambazo sheria inakuruhusu alafu mwenye shule anakukataa kwenye video kabla hujamaliza kujitambulisha, maana angalau Korea inakuambia mapema ukaokoa nauli ya mihuri.

Kuna mtaalamu wa isimu Mhindi, Braj Kachru, mwaka 1985 aliugawa ulimwengu wa Kiingereza kwenye duara tatu, ya ndani wanaozaliwa nacho, ya nje ambao kinatumika mashuleni na maofisini kwa sababu ya historia ya ukoloni, na inayopanuka ambao wanajifunza kama lugha ya kigeni tu. Soko la ajira linasoma ile duara ya ndani peke yake. Sisi wa duara ya nje tunaingia kwa kulazimisha: unatafuta nchi ambayo sheria haitaji orodha ya pasipoti, unaambatanisha ushahidi kwamba ulisoma kwa Kiingereza, unakubali kuanzia shule ya pembeni, na unatuma video fupi unafundisha ili sauti yako ifike kabla ya uraia wako. Ile video ndo ilinipa kazi, mkuu wa kitengo aliniambia baadaye.

Nchi yenyewe sitaitaja, makusudi kabisa, mji ni mdogo na mwajiri atajulikana kwa urahisi na nina mambo mawili matatu ya kumsema.

Lakini kwanza mkataba, maana hapa ndo ningependa watu wakae. Mkataba wa kazi hii una maneno yanayofanana na ya kazi nyingine ila yana meno tofauti. "Masaa 24 kwa wiki" inasomeka tamu sana, mpaka uulize ni masaa ya darasani au masaa ya kuwepo kazini, kwa sababu masaa 24 ya darasani yana maandalio ya somo, kusahihisha, vikao, kupiga simu kwa wazazi, na yale madarasa ya bure ya majaribio ambayo ofisi ya mauzo inayaita "demo" na hayahesabiki popote. Uliza pia saa 24 hizo zimegawanywaje. Vituo vya watu wazima vinafundisha asubuhi kabla ya kazi na usiku baada ya kazi, katikati uko huru, yaani huru kukaa na nguo za kazi ukisubiri jioni.

Tiketi ya ndege, soma vizuri, wengi wanakurudishia, hawakununulii, na kurudishiwa kwenyewe kunaweza kuwa nusu katikati ya mwaka na nusu mkataba ukiisha. Nyumba, ni yao au ni posho, na kama ni posho nani anaweka dipoziti. Likizo, unachagua wewe au wanakuchagulia. Kuvunja mkataba, unalipa nini, na je wakivunja wao. Na barua ya kuachiwa, hii watu hawaijui kabisa, kwenye nchi nyingi kibali chako kimefungwa kwa mwajiri, ukitaka kuhama unahitaji karatasi kutoka kwa huyohuyo unayemkimbia. Korea wana kitu kizuri kisheria, ukimaliza mwaka unalipwa kiinua mgongo cha kama mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka, na kwa sababu hiyohiyo walimu wa vituo binafsi kule wanakuwa na wasiwasi mkataba ukiingia mwezi wake wa 11, wasije wakaachishwa kabla mwaka haujatimia. Yaani haki ikiwepo angalia pia nani ana faida usiifikie.

Mawakala nao. Ajenti wa kweli kwenye sekta hii analipwa na shule. Akikuomba hela ya "kufungua faili" au "kushikilia nafasi" toka mbio. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7 kinasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka, kuna vighairi vyake na siyo kila nchi imeuridhia, lakini angalau unajua dunia imeshakubaliana mwenye kulipa anatakiwa awe nani. Na ile ya "njoo na viza ya utalii, tutakubadilishia ukifika"? Mi niliambiwa hivo na shule moja kabla ya hii niliyokwenda, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kila mtu anafanya. Nikawaomba waniandikie kwenye imeili. Hawakuandika mpaka leo.

Safari yenyewe haina la kusimulia, viwanja vya ndege vyote vinafanana. Nachoweza kusema ni hela. Usiende mkono mtupu ukitegemea mshahara, kwa sababu mshahara wa kwanza unakuja baada ya mwezi wa kwanza kuisha na wakati mwingine unasogea zaidi, akaunti ya benki inataka kadi ya ukaazi, kadi ya ukaazi inataka anwani, anwani inataka mkataba wa nyumba, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Unazungushwa hapo na watu wote wanakutabasamia. China wana sheria ya kwamba mwenye viza ya kazi aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu kuingia, na kama unakaa nyumbani kwa mtu siyo hotelini unajiandikisha polisi ndani ya masaa 24, na nchi nyingine zina zake, sasa hizi siku zinahesabika hata kama shule yako iko kwenye sikukuu ndefu na mtu wa rasilimali watu hapokei simu.

Darasani sasa.

Nilitegemea mapokezi, wiki ya kuangalia wenzangu wakifundisha, hivi vitu vilikuwa kwenye mkataba. Nikakabidhiwa kitabu jioni nikaambiwa kesho saa tatu. Chumba cha watu wazima, karibu wote wametoka kazini au wanakwenda kazini, wamekaa wima, wanaandika kila kinachotoka mdomoni mwangu hata "okay". Somo la kwanza kitabuni lilikuwa "used to". Nikaandika ubaoni "I used to work in a bank", nikaeleza, nikatoa mifano, nikauliza mmeelewa? Wote wakatikisa kichwa, ndiyo. Sasa kwenye kozi yangu ya ualimu tulipigiwa kelele usiulize "mmeelewa", kwa sababu hakuna mtu mzima atakayejibu hapana mbele ya wenzake, uliza kitu ambacho jibu lake litamsema. Nikauliza, huyu mtu sasa hivi anafanya kazi benki? Nusu ya darasa wakasema ndiyo kwa uhakika kabisa. Na jamaa mmoja mstari wa mbele, daftari lake limepigiwa mistari kwa rula, alikuwa ameshaandika maelezo yangu yote neno kwa neno.

Hapo ndo kazi inaanzia. Unachora mstari ubaoni, zamani, sasa, unaweka benki huku, unaweka alama ya kufuta, unauliza tena kwa njia nyingine, alikuwa pale siku moja au muda mrefu, sasa yuko pale au hayuko, na unakaa kimya. Kukaa kimya ndo kugumu. Sekunde chache za ukimya darasani mwalimu mgeni anaziona kama moto, anajibu mwenyewe, na akishajibu mwenyewe mara mbili tatu wanafunzi wanajua hawahitaji kujibu tena mpaka mkataba wake uishe. Hivi vituo vinauza mazungumzo, mtu amelipa aongee, na ukijirekodi dakika kumi kwa simu utashangaa nani anaongea.

Na hapa nataka kuwasemea wenzangu tuliojifunza Kiingereza shuleni tukiwa na lugha nyingine nyumbani. Kiswahili hakina "a" na "the". Mi hizo nilizisotea, nazijua kwa jasho, najua ni wapi akili inateleza, na darasani nilikuwa na watu ambao lugha zao nazo hazina, na siyo wachache, Kijapani hakina, Kikorea hakina, Kichina hakina, Kirusi hakina. Mwenzangu aliyezaliwa nacho, mtu mzuri sana na mwalimu mchangamfu, akiulizwa kwanini hapa ni "the" anasema inasikika vizuri zaidi. Ni kweli inasikika, kwake. Mwanafunzi anaandika "sounds better" daftarini na kesho anakosea palepale.

Au zile "-ed". Siku moja kwenye chumba cha walimu mwanafunzi alikuja kuuliza kwanini "worked" inaishia na sauti ya t, "played" inaishia na d, na "wanted" inapata silabi nzima ya ziada. Walimu watatu pale wanazitamka zote bila kosa toka wana miaka miwili wakaangaliana. Mi nikamwambia aweke vidole kooni. Ukitamka k ya "work" koo halitetemeki, kwaiyo kinachofuata ni t. Ukitamka mwisho wa "play" koo linatetemeka, inakuwa d. Na kama neno lenyewe limeishia na t au d tayari huwezi kubandika nyingine juu yake ikasikika, ndo maana inaongezeka silabi. Akasimama pale mlangoni na vidole kooni anajaribu "washed", "called", "needed", anacheka mwenyewe. Siyo kwamba mi nina akili kuliko wale watatu. Mi niliambiwa hiyo kanuni na mwalimu wangu wa shule kwa sababu nilikuwa naihitaji, wao hakuna aliyewahi kuona haja ya kuwaambia.

Nilikuwa pia na mwanafunzi Mjapani anayeongeza vokali mwisho wa kila neno linaloishia na konsonanti, na kila mtu alimrekebisha kwa kurudia neno kwa nguvu zaidi, kana kwamba hasikii. Mi nilimwelewa siku ya kwanza, lugha inayosema "benki" na "basi" na "blanketi" inajua anachopitia. Tulifanya zoezi la kuunganisha tu, konsonanti ya mwisho ihamie kwenye vokali ya neno linalofuata, "bank account", "bus and train", vokali ya ziada ikakosa pa kukaa.

Kwaiyo mtu akinikataa kwa pasipoti namwelewa ni sheria, akinikataa kwa kudhani sitajua kufundisha hapo tunaweza kuongea.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni Kiingereza changu mwenyewe kushuka. Unaongea polepole siku nzima, unachagua maneno ya watu wa ngazi ya pili, unafafanua kila kitu kwa mikono, baada ya miezi kadhaa unampigia rafiki simu anakuuliza mbona unaniongelesha kama mtoto. Nilianza kusoma riwaya usiku na kubishana na wenzangu makusudi juu ya mambo yasiyo na maana ili ulimi usilale. Na Kiswahili nacho, siku nzima huna wa kuongea naye, unaanza kusema mwenyewe jikoni, na tofauti ya saa inakula jamaa zako wote, ukitoka kazini wao wamelala au wako katikati ya kazi zao. Upweke wa hii kazi ni wa ajabu kwa sababu umezungukwa na watu kutwa, na wote wanafurahi kukuona, ila wanaongea na wewe kwa mazoezi.

Sasa yule mwajiri. Mwezi fulani mshahara ulikuja pungufu, nikaambiwa ni madarasa yaliyofutwa kwa sababu wanafunzi hawakuja. Mkataba ulisema darasa likifutwa chini ya masaa 24 kabla linalipwa. Sikugombana. Nilikuwa na tabia ya kuandika kila darasa kwenye daftari, tarehe, saa, waliokuja, nani alinitaarifu na lini, nikapiga picha kurasa, nikatuma imeili fupi yenye kifungu cha mkataba na jedwali, nikasubiri. Kimya. Nikatuma tena nikamweka na bosi wake kwenye nakala. Ililipwa na mshahara uliofuata bila neno lolote la maelezo, na tangu hapo ratiba yangu ikawa inakuja mapema kuliko ya wengine wote.

Na hata mwajiri mwema hawezi kukulinda na serikali. Julai 2021 China ilizuia biashara ya tuisheni kwa faida kwenye masomo ya shule kwa watoto wa elimu ya lazima, na sekta nzima ya vituo vya Kiingereza vya watoto ikayumba, watu waliokuwa na mikataba safi yenye mihuri yote wakajikuta wanatafuta shule za kawaida au nchi nyingine. Ndo maana zile hati ulizohangaika nazo usimwachie mtu nakala halisi, skani kila kitu, na pasipoti ikichukuliwa kwa ajili ya kibali uliza inarudi lini, na siku hiyo ikifika nenda ukaichukue.

Mkataba ulipokaribia kuisha waliniita ofisini kuuliza kama naongeza mwaka. Nilikuwa nimeshaandika masharti yangu, madarasa ya demo yalipwe, masaa ya darasani yapungue, na Jumamosi nisipangiwe. Demo wakakubali bila kubisha, Jumamosi wakakubali baada ya kunong'ona kidogo, masaa wakakataa katakata. Nikaomba mkataba mpya nikasome nyumbani, meneja akacheka akasema alijua, alikuwa ameshauprinti.